Zimwi la Mikoko: Monsta wa Mida Creek wa Kuleta kwa Meza Yako ya D&D

Fungua kitabu chochote cha monsta za Dungeons & Dragons utafute wale wa kinamasi. Story ni ileile: ukungu, baridi, miti mikavu, maiti ya mwanajeshi wa zamani inatoka kwa matope ikiwa na upanga umeshika kutu. Alafu wewe na mbogi yako mmekaa kwa keja pale Umoja, feni inazunguka, mnajifanya mnatetemeka na baridi ya Ulaya. Si mbaya, lakini maze, sisi pia tuko na kinamasi yetu. Iko kaunti ya Kilifi, maji yake yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na story zake za mapepo na wafu ni za kitambo kuliko gemu yenyewe.

Hapa chini ni faili nzima ya Zimwi la Mikoko. Huyu ni monsta tumemuunda kwa hii ukurasa, so usimtafute kwa kitabu cha gemu. Lakini viungo vyake vimetoka kwa imani na hadithi za ukweli za Pwani ya Kenya, na kila kiungo utaambiwa kimetoka wapi. Mwisho kuna kitu kimoja usifanye na hizi story, na hiyo part usiiruke.

Kwa haraka

Jina: Zimwi la Mikoko
Aina: mfu asiyelala, saizi kubwa
Makao: mikokoni, midomo ya mito, visima vya zamani karibu na bahari
Wa levo gani: wachezaji wanne wa levo ya 5
Nguvu: maji yakijaa anapona
Udhaifu: maji yakipwa anabaki pekee yake, na kitu chake kilichoibwa kikirudishwa, anaenda kulala
Asichopenda: kuitwa mfupi

Kama hujawahi cheza

D&D ilitoka Marekani mwaka wa 1974, imetengenezwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Mko kwa meza, karatasi, penseli na dadu. Mmoja wenu ndiye msimulizi: anaeleza mahali mko na kinachowakuta. Wengine kila mtu ana mhusika wake, anasema anafanya nini, alafu dadu ya pande 20 inaamua kama imeweza ama umejiletea ngori. Hakuna ubao wa lazima na hakuna mshindi. Wengi waliijua kupitia Stranger Things kuanzia 2016, na Baldur's Gate 3 ya 2023 ikaleta wasee wengine wengi.

Afrika kwa hizi gemu huwa inaandikwa na watu wa mbali. Pathfinder, ambayo ni kama binamu ya D&D, ina msitu mkubwa unaoitwa Mwangi Expanse, na 2021 walitoa kitabu kizima kuuhusu. Ndio, Mwangi, kama yule jamaa wa hardware mtaani kwenu. So hakuna mtu atakukataza kuandika yako. Tena wewe jina utaliweka mahali pake.

Makao yake: mahali tope inanuka yai viza

Mida Creek iko Watamu, kusini mwa Malindi. Ni mkono wa bahari wa kama kilomita mraba 32, umezungukwa na mikoko. Watalii wanaijua kwa ndege, kwa daraja la mbao linaloning'inia juu ya miti, na kwa sambusa za kaa pale Crab Shack ya Dabaso. Mchana ni mahali pa kupiga selfie. Jioni maji yakianza kurudi, ni kitu kingine.

Msimulizi, hizi ndizo details za kutumia.

Miti. Watu wa bara wanasema tu "mikoko", lakini mvuvi atakutajia kila mti kwa jina. Mkoko wenyewe unasimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mchu na mlilana mizizi yao inachomoza juu kutoka kwa tope, maelfu, kama vidole vya watu waliozikwa wima. Kuna mkandaa, muia, na mkomafi wenye tunda kubwa la mviringo kama mpira. Ukitaka wachezaji waogope, waambie wahesabu vidole kwa tope, alafu wahesabu tena.

Harufu. Tope ya mikoko haina hewa ndani, na vijidudu vinavyoishi humo vinatoa gesi inayonuka kama yai viza. Si uchafu, ni maumbile tu. Kwa gemu, harufu ikiongezeka ghafla ni alarm ya kwanza.

Maji. Hapa ndipo kinamasi yetu inawashinda wazungu. Ya kwao imetulia. Ile tope ya Denmark ndiyo ilimhifadhi Tollund Man, mtu aliyekufa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, akapatikana 1950 na ngozi na kofia yake. Tope yetu haihifadhi mtu. Inakuja maji, inatoka maji, kaa wanatafuna, mbao zinaliwa na funza wa bahari. Kati ya maji kujaa na kujaa tena ni masaa 12 na dakika 25 hivi. Mwezi ukiwa mpevu ama ukiandama, kunakuwa na bamvua, maji yanapanda na kushuka kwa kama mita nne. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, bahari haisogei sana, na watu wa Pwani wanaita hizo siku maji mafu.

Soma tena hiyo. Lugha yenyewe imeshakupea siku ya wafu kila baada ya wiki mbili. Hungebuni kitu poa kuliko hiyo hata ungelipwa.

Kama hutaki Mida, mpeleke zimwi kaskazini mwa Malindi, mahali mto Sabaki unaingia baharini karibu na Mambrui. Maji huko ni mekundu, yamebeba udongo kutoka bara mpaka huku. Kuna flamingo, kuna viboko, na mamba wako. Ukisikia mtu wa huko amesema usiogelee usiku, usimuulize kama ni pepo ama ni kiboko. Hepa kwanza, maswali baadaye.

Ukoo wake: wametoka wapi

Zimwi letu lina damu ya watano.

1. Zimwi mwenyewe. Umemjua tangu class two. Ni yule mla watu wa hadithi, na methali yake unaijua: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kitu watu hawakumbuki ni ukoo wa hilo neno. Zimwi, mzimu, kuzimu na wazimu ni ndugu. Mzizi wake ni wa Kibantu, na unahusu roho za waliokufa. Yaani kabla zimwi hajakuwa jitu la hadithi za watoto, jina lake lilikuwa linaelekea makaburini. Kiswahili kilikuwa na mfu asiyelala kabla filamu za zombi zifike hapa.

2. Chunusi. Usicheke. Kwa uso ni kitu ya kununulia krimu. Kwa maji ni pepo anayevuta waogaji chini na kuwamaliza. Kutoka kwake zimwi amepata ile tabia ya kushika mguu.

3. Kitunusi. Alice Werner, mtafiti Mwingereza aliyezunguka Pwani ya Kenya kabla ya vita vya kwanza vya dunia, aliandika juu yake kutoka kwa Wapokomo wa mto Tana. Huyu ni mfupi, anatembea akiwa ameketi, amevaa kaniki. Ukikutana naye unashikwa na woga mpaka mwili unakataa kusonga. Lakini ukifanikiwa kumrarulia kipande cha hiyo kaniki, umetajirika. Ukitaka kujua kwa nini wachezaji watakaribia kitu kinachoweza kuwadedisha, jibu ndilo hilo: doh.

4. Ngojama. Pia wa Wapokomo, anaishi msituni. Ana umbo la mtu, ila kwa kiganja ana ukucha kama msumari wa chuma. Anakudunga nao alafu anakunywa damu. Huyo ndiye ametupatia silaha.

5. Katsumbakazi. Huyu ni wa Wagiriama. Mmisionari W. E. Taylor alimweka kwa kitabu chake cha maneno ya Kigiriama cha 1891. Katsumbakazi ni pepo mfupi, na hilo linamuuma vibaya sana. Akikutana nawe anakuuliza umemwona ukiwa wapi. Ukisema "hapa tu, sasa hivi", umemaanisha ni mfupi hadi haonekani, na hapo umeisha. Ukisema "nimekuona tangu kule mbali", anafurahi, unapita. Fikiria: monsta unayeweza kumaliza fight na yeye kwa kujua tu adabu ya kuongea. Pwani kabisa.

Kwa nini hajalala

Monsta bila sababu ni dadu tu. Wa kwetu ana sababu, na hii sababu ilitendeka kwa ukweli.

Kwa Wagiriama na wenzao kadhaa wa Mijikenda, aliyekufa hajaondoka kabisa. Ni koma, yaani roho ya babu au bibi, bado yuko kwa mambo ya nyumba. Mtu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wa heshima, akifariki anaweza kusimamishiwa kigango. Ni nguzo ya mbao ndefu, ina kichwa na mwili uliochongwa pembetatu ndogo ndogo. Mara nyingi familia inasimamisha baada ya marehemu kuja kwa ndoto akilalamika, ama nyumba ikiandamwa na balaa. Anamwagiwa mnazi kidogo, anaambiwa mambo ya boma. Na kikishasimamishwa, hakihamishwi.

Alafu kukaja soko. Kuanzia miaka ya 1970 vigango vilianza kung'olewa usiku na kuuzwa kwa maduka ya vinyago, hapo vikapanda ndege. Mwizi wa kwanza mara nyingi alikuwa kijana wa hapo hapo, amelipwa pesa ndogo. Ganji kubwa ilibaki na waliouza mbele.

Mwaka wa 1985 mtafiti Mmarekani Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja karibu na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye, vikaibwa. Mwaka wa 1999, kwa mkutano wa wasomi wa Afrika huko Marekani, Udvardy akaona picha za mwenzake Linda Giles za vitu vya jumba la makumbusho, na kigango kimoja akakitambua. Kimoja kilikuwa Illinois State Museum, kingine Hampton University. Vilirudi Kenya 2007. Mzee alikuwa ashafariki.

Na kama unafikiri hiyo ni story ya wasomi pekee, cheki hii: 2014 jumba la makumbusho la Denver lilitangaza litarudisha vigango 30. Kati ya watu walioyatoa kwa hilo jumba kama zawadi alikuwa Gene Hackman, yule staa wa Hollywood. Mababu za watu wa Kilifi walikuwa wanakaa Colorado, kwa baridi, na boma zao hazijui wako wapi.

So hii ndiyo story ya Zimwi la Mikoko: alikuwa mzee wa heshima, akafa vizuri, akasimamishiwa nguzo yake. Nguzo ikang'olewa. Wezi wakapitia mikokoni usiku kuelekea kwa mashua, na koma akafuata nguzo yake mpaka pale maji yalimzuia. Hawezi kuvuka bahari, hawezi kurudi kwa boma ambayo haina mahali pake. Akabaki katikati, kwa tope. Miaka ikapita, mizizi ikamshika, kaa wakajenga ndani yake. Sasa hakumbuki jina lake. Anakumbuka tu ameibiwa.

Kitu kimoja kwa heshima. Vigango ni vya watu walio hai leo, na imani hiyo bado ipo. Kwa meza yako, usifanye kigango kuwa mali ya kuokota na kuuza. Kigango ni mtu. Mchezaji akisema "naweka kwa begi", mwambie begi imekuwa nzito kama maiti, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Namba zake

Hizi zinafuata D&D ya toleo la tano. Badilisha ukitaka.

Kinga: 14 (magome ya mkoko na magamba ya chaza)
Uhai: 114 (dadu 12 za pande 10, ongeza 48)
Mwendo: futi 20 kwa nchi kavu, futi 40 kwa maji na tope
Nguvu 18, wepesi 10, ustahimilivu 18, akili 7, busara 14, haiba 12
Hadhuriki na: sumu. Hachoki wala hawezi kulishwa usingizi
Anaona: futi 60 gizani
Lugha: anaelewa lugha za hapo alipozikwa, anaongea siku za maji mafu pekee
Kipimo cha ugumu: 5 (alama 1,800)

*Maji Kujaa.* Akianza zamu yake ndani ya maji ya chumvi, anarudisha uhai 10. Akiwa nchi kavu ama maji yamepwa, hapati kitu.

*Vidole kwa Tope.* Akitulia kabisa mikokoni, huwezi kumtofautisha na mizizi. Mchezaji ahitaji kupata 16 au zaidi kumgundua.

*Woga wa Kitunusi.* Anayeanza zamu yake ndani ya futi 30 na anamwona, arushe dadu ya busara dhidi ya 13. Akishindwa, miguu inakataa: mwendo wake ni sifuri mpaka zamu yake ijayo. Akishinda, haogopi tena kwa masaa 24.

*Shambulio.* Kwa zamu moja anapiga mara mbili kwa mkono. Kila pigo anaongeza 7 kwa dadu. Likiingia, madhara ni dadu 2 za pande 8, ongeza 4. Ukipigwa na yote mawili, amekushika. Kujitoa unahitaji 15.

*Msumari wa Ngojama.* Mara moja kwa zamu, badala ya pigo moja, anamdunga aliyemshika. Madhara dadu 3 za pande 6, na zimwi anapata uhai sawa na aliotoa.

*Vuta Chini.* Akiwa amekushika ndani ya maji, anaweza kutumia mwendo wake kukupeleka futi 20 chini. Hesabu pumzi yako.

*Kaniki.* Mchezaji akiwa karibu naye anaweza kujaribu kurarua kipande cha nguo yake, anahitaji 17. Akiweza, kipande hicho kinamletea bahati ya pesa kwa mwezi mmoja: biashara inaingia, madeni yanalipwa. Lakini zimwi atajua aliko kila siku ya huo mwezi. Hakuna doh ya bure.

Swali lake

Kabla ya fight yoyote, zimwi anauliza: "Mmeniona mkiwa wapi?" Usiwape wachezaji hint, na usirushe dadu. Wakijibu kwamba wamemwona sasa hivi, hapo karibu, anashambulia aliyejibu. Wakisema wamemwona tangu mbali, tangu kule kwa daraja, anawapa nafasi ya kupita ama kuuliza swali moja. Kama kwa mbogi kuna mtu wa Pwani aliyelelewa na bibi mwenye hadithi, hii ni siku yake ya kung'ara.

Namna ya kummaliza, na kwa nini haitoshi

Unaweza kumchapa mpaka uhai uishe. Wasubiri maji yapwe, mumvute kwa mchanga, moto, shoka, imeisha. Lakini bamvua inayofuata, mwezi ukiwa mpevu, atarudi palepale na uhai wote. Wachezaji watamuua mara mbili, mara tatu, kabla mmoja wao aseme: wasee, hapa kuna kitu hatujauliza.

Jibu ni siku za maji mafu. Bahari imetulia, zimwi anaweza kuongea, na hana nguvu ya kujiponya hata akiwa majini. Atajibu maswali matatu, kwa shida, kama mtu anayeamka. Hajui jina lake, lakini anajua harufu ya mwizi, sauti ya mashua, mti uliokuwa karibu na nguzo yake. Kazi inakuwa ni upelelezi: nani aling'oa, nani alinunua, iko wapi sasa. Nguzo ikirudi mahali pake, familia ikaitwa, jina likatajwa, mnazi ukamwagwa, zimwi anavuka tope mara ya mwisho na hatoki tena. Hapo wape alama zote 1,800, na uziongeze mara mbili. Kuua ni rahisi kuliko kurudisha, so kurudisha kulipwe zaidi.

Story tatu za kuanza nazo

*Kisima cha Gede.* Magofu ya Gede yako karibu kabisa na Mida. Ulikuwa mji wa Waswahili wenye msikiti mkubwa, jumba la mfalme, visima na vyoo vya ndani, na kaburi lenye tarehe ya 1399. Watu waliuhama mwanzoni mwa karne ya 17. James Kirkman, aliyeanza kuchimba huko 1948, aliandika kwamba mwanzoni alihisi kama kuna kitu kinamwangalia. Mwaka wa 2024 UNESCO iliuweka kwa orodha ya urithi wa dunia. Kwa gemu: maji ya kisima kimoja yameanza kujaa na kupwa pamoja na bahari, na usiku kuna mtu anauliza swali kutoka chini.

*Boriti.* Kuna mfanyabiashara anakata mikoko usiku kuuza boriti. Vijana wake watatu hawajarudi. Anawalipa wachezaji poa wamuue zimwi. Hawajui ni yeye alinunua ile nguzo kitambo. Mkikubali pesa yake, mko upande gani?

*Kaya iliyolipuliwa.* Agosti 1914 Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti, kulipiza kisasi cha upinzani uliochochewa na Mekatilili wa Menza. Misitu mitakatifu ya kaya iko kwa orodha ya UNESCO tangu 2008. Peleka wachezaji 1914: askari wanakuja na baruti, wazee wanataka kuhamisha vitu vyao kabla jua lizame, na njia pekee salama inapita mikokoni. Huko zimwi anaweza kuwa adui wa nani? Wachezaji wachague.

Kitu kimoja usifanye

Sasa sikiza, hapa hakuna jokes.

Rahisi kabisa ni kuweka nyuma ya zimwi mchawi mzee: bibi mwenye mvi na macho mekundu, anaishi pekee yake mwisho wa kijiji, ndiye anamtuma. Filamu nyingi ziko hivyo. Usifanye.

Kilifi, kwa miaka mingi sasa, wazee wanauawa kwa kuitwa wachawi. Watu wa ukweli, kwa panga, wakati mwingine na watu wa nyumba yao. Mvi inatosha kuwa ushahidi, hadi kuna wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili wabaki hai. Ukichimba chini ya tuhuma, mara nyingi unapata shamba ambalo mtu anataka kurithi haraka. Pale Ganze kuna Kaya Godoma, ambapo wazee waliokimbia wanapewa hifadhi. Na si Kilifi pekee: mwaka wa 1995, Zanzibar iliposhikwa na hofu ya Popobawa, mtu mmoja aliyeshukiwa kuwa ndiye pepo alipigwa na umati mpaka akafa.

Kwa hivyo geuza. Kwa kampeni yako, yule bibi wa mwisho wa kijiji ndiye pekee anayekumbuka jina la marehemu na mahali nguzo ilisimama. Bila yeye, zimwi halali. Na mtu mwenye shamba lake kwa macho tayari ameanza kueneza kwamba bibi ndiye analeta zimwi. Usiku mmoja umati unakuja na tochi. Wachezaji wako mikokoni, maji yanaanza kujaa, wana nusu saa. Wabaki wapigane na zimwi, ama wakimbie wakasimame mlangoni kwa bibi?

Wakichagua mlango, usiwape dadu za upanga. Wape dadu za kuongea, moja kwa kila mtu kwa umati wanayemjua kwa jina. Na wakishindwa, bibi akifa, zimwi anabaki kwa tope milele, kwa sababu hakuna tena mtu wa kumwita.

Kabla mkae kwa meza

Andaa vitu vinne. Kalenda ya mwezi, uamue bamvua ni lini na maji mafu ni lini, uiweke wazi wachezaji waione. Saa ya simu iliyowekwa kulia kila baada ya dakika 30: ikilia, maji yamesogea. Jina la marehemu, kamili, na la babake, ulilofikiria vizuri na usilitaje mpaka mwisho. Na jibu lako mwenyewe kwa swali la zimwi, maana kuna mchezaji atakuuliza kama wewe ungesema umemwona ukiwa wapi.